Ukurasa wa Kiangazi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na Mama Mdogo Zuhura ni mzima pia, ila kazi ya kuwatunza wazee inamchosha miguu. Mgongo wa Mama umepoa? Ufuta umeshaingia ndani? Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Ndani ya bahasha hii kuna kitu ambacho simu haiwezi kukileta. Rafiki wa Mama Mdogo anarudi Dar, naye ataitia kwenye basi hadi Nangurukuru.

Nimeisikiliza mara nyingi ile sauti uliyotuma, hasa pale Shabani aliponyakua simu: "Dada, vipi huko kwenye friji? Mimi ndiye bwana misitu sasa! Daftari ninalo!" Ukacheka, Baba. Nilikusikia. Siku ile sikula.

Daftari lile ni langu. Babu alipozunguka msitu wa kijiji, wewe ukiwa shambani na Shabani akicheza mpira, mimi ndiye niliyemfuata nikiandika kila alichosema. Sikuwa na marafiki wengi. Nilikuwa na Babu na kalamu. Sasa Babu hayupo, wewe umeshika nafasi yake kwenye kamati ya msitu, na anayetembea kando yako ni mdogo wangu, ambaye hata mwandiko wake haukai kwenye mstari.

Huku Finland nako napima msitu. Mwalimu wetu wa jiografia anarusha droni, inapiga picha kutoka juu, halafu kompyuta inasema kila mti ni wa aina gani. Droni hiyo huona hata mwanga ambao macho yetu hayauoni, na kila aina ya mti huurudisha mwanga huo kwa namna yake. Lakini kompyuta haizaliwi ikijua. Kwanza sisi tunatembea, tunaushika mti kwa mkono, tunaandika jina lake na mahali uliposimama. Kompyuta hujifunza kwenye karatasi yetu.

Juzi ramani ilitoka, na kona nzima ya msitu imeandikwa kuwa ni miti iliyokufa. Aino, msichana ninayekaa naye dawati moja, akasema, "Imekufa kweli. Yote imekuwa ya njano, na miti ya majani ya sindano huwa haipukutiki."

Nikasema kwa sauti ndogo, "Kwetu mti kupukutika si kufa."

"Kwenu kuna jua, Somoe!" Aino akajibu, wakacheka wote.

Mwalimu hakucheka. Alituchukua mpaka kwenye kona ile. Nikakwaruza kitawi kwa ukucha, kama Babu, na chini ya gome kulikuwa na ubichi. Mti wenyewe wanauita lehtikuusi. Majani yake ni kama ya mvinje, ila huyaangusha baridi ikikaribia. Tulipofungua orodha yetu, lehtikuusi haukuwemo hata mmoja. Aliyepangiwa upande ule hakuumaliza.

"Msiilaumu kompyuta," mwalimu akasema. "Imesomeshwa karatasi pungufu."

Wenzangu wakanipongeza. Mimi nilitamani kujificha.

Baba, wiki iliyopita ulinisimulia jinsi Shabani alivyouandika mti mmoja kuwa ni mtondoro, mwenyekiti akauchanja kwa panga, na utomvu mwekundu ukatiririka. Kumbe mninga. Wanakamati wakamzomea: "Mti unatoka damu, bwana misitu anaandika mtondoro!" Ukasema utamwachisha kazi hiyo, kichwa chake hakishiki. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikamwimbia Mama Mdogo jikoni.

Kichwa chake kinashika, Baba. Daftari ndilo pungufu. Asubuhi ya kusafiri nilichana ukurasa mmoja, ule ambamo Babu alieleza namna ya kuujua kila mti usio na majani kwa gome lake, bila kuutia jeraha. Nilijua kamati hupima wakati wa kiangazi. Nilitaka mkwame. Nilitaka usimame mbele ya mti usioujua useme, "Laiti Somoe angekuwepo."

Ukurasa wenyewe huu hapa. Usimwachishe Shabani. Wasomee wanakamati barua hii kama itabidi, ingawa nitaona aibu. Na usinielewe vibaya, bado naumia mkicheka pamoja.

Nisalimie Mama, na Bibi anayenitunzia vitambaa vyangu vyote kwenye sanduku lake, na Shangazi mpika vitumbua, na ustadhi wangu wa madrasa. Shabani mwambie agundishe ukurasa huu kwa ugali, asitumie gundi ya dukani itakayofuta wino, na asiandike chochote juu ya mwandiko wangu.

Ule mninga ulio nyuma ya shule, ambao Babu alipenda kupumzika chini yake, asiuhesabu. Auache. Huo nikija tutauhesabu mimi na wewe.

Mwanao wa kwanza,
Somoe