Nilitia Sahihi za Watu Sita kwa Kalamu ya Mzee wa Pasi

Mpendwa mama mshauri, naomba msaada na naomba upesi, maana Jumanne asubuhi kuna mtu ataadhibiwa kwa kosa langu. Mimi nafua shuka za hospitali kubwa, zamu ya usiku, mwaka wa saba sasa, tuko sita tu na tunacheka kuliko wale kumi na wanne wa mchana, hilo niamini. Basi zikaletwa mashine mpya, tukaambiwa asiye na cheti cha kuziendesha asahau kupanda cheo, na mafunzo yakapangwa siku sita, saa nne asubuhi, wakati sisi tunatoka kazini saa moja, na saa nne ndiyo kwanza usingizi umekolea. Tukamwendea mkuu wetu, akatujibu bila hata kuinua kichwa, "Tangazo ni la wote. Anayetaka cheo ataamka."

Haya, tukakaa tukapanga yetu: kila siku aende mmoja, atie sahihi za wote sita, kisha usiku kwenye mapumziko atufundishe alichosikia, na mama, tulifundishana kwelikweli! Dada wa kukunja alimwigiza mwalimu, miwani puani, mpaka tukashika mbavu, lakini kila kitufe tukakijua, na mtihani ulipofanywa jioni kabla ya zamu tukafaulu wote sita, wa mchana wakaanguka watatu.

Sasa balaa. Siku ya tatu ilikuwa yangu, nikaingia darasani macho mazito, nimeazima kalamu ya mzee wa pasi, mmoja wetu sita, yenye wino wa kijani, ambayo idara nzima inaijua kwa sababu ndiyo anayotilia alama kwenye shuka zilizochanika tangu mimi sijaajiriwa. Siku nyingine wenzangu walijitahidi kubadilisha mwandiko, mimi kwa usingizi nikaandika sahihi sita zinazofanana kama mapacha, tena za kijani! Mkuu alipozikuta hakuuliza mengi, akamwandikia mzee barua ya kumtaka ajieleze, na kikao ni Jumanne, na mzee amebakiza mwaka mmoja astaafu na anaweza kufukuzwa hivihivi. Nilipomwambia nitasema ukweli akanikatiza, "Nyamaza, binti yangu, una watoto wadogo. Kalamu ni yangu, acha waniulize mimi." Mume wangu naye anasema, "Mzee mwenyewe kakubali, wewe kiherehere cha nini?" Nami cheo hicho nimekisubiri miaka, mama, naona aibu kukuandikia hivi, lakini nakitaka. Nifanye nini?

Mfuaji wa usiku

*

Mfuaji wa usiku, mwanangu,

Nimecheka, kisha nimekasirika, na nitaanza na hasira. Sahihi ya mtu haiazimwi! Mlikuwa na malalamiko ya haki kabisa, mkayageuza kuwa kosa lenu wenyewe. Na wewe unamwacha mzee wa watu asimame mbele ya kikao kwa jambo asilolifanya, eti kwa kuwa ana moyo mzuri? Hapana. Mumeo mwambie kiherehere ni changu, na nimekuagiza uwe nacho.

Sasa nikupe pole, maana mkuu wenu naye hajanifurahisha. Tangazo gani la wote ambalo sita wakilifuata lazima wakose usingizi? Anayefanya kazi ileile usiku anastahili nafasi ileile ya mafunzo na ya cheo kama mwenzake wa mchana. Hiyo si hisani, ni mambo ya sheria ya kazi, na mwakilishi wa wafanyakazi yupo kwa ajili hiyo. Mwende, awasomee vifungu vinavyowahusu, mvijue kama mlivyojua vile vitufe. Halafu mwombe mafunzo yajayo yaingie ndani ya saa za zamu yenu. Mwalimu aje na chai yake kwenye chupa.

Lakini sikiliza: kukiri kosa na kudai haki ni barua mbili, usizichanganye. Ukianza na haki zako, mkuu atasikia visingizio. Ya kwanza ni yako peke yako na iwe fupi: kalamu niliazima, sahihi za siku ya tatu nilitia mimi, mzee hahusiki nazo, niko tayari kurudia mtihani mbele yenu. Hakuna "ila", hakuna "sema tu". Wenzako usiwataje, waambie unachofanya, na mwenye haya atakufuata mwenyewe. Barua hiyo iwe mezani kwa mkuu Jumatatu. Ya pili, ya mafunzo, mtaiandika wote sita baada ya kikao, mkiwa na mwakilishi.

Sitakudanganya kwamba utatoka bila mkwaruzo. Utapata onyo, huenda na cheo kikachelewa, na utalia kidogo. Lia, jifute, jiandikishe tena. Mtu aliyejua mashine kwa kufundishwa kwenye mapumziko hawezi kushindwa kuzijua mara ya pili.

Leo hii nenda kwa mzee. Usimwombe ruhusa, maana atakunyima. Mwambie kikao cha Jumanne ni chako, na kwamba yeye akitoka kazini asubuhi hiyo aende zake nyumbani akalale.