Sindano za Kenga

Mahfoudha, uko? Nimetoka kudungwa zile sindano za Kichina za kupunguza mawazo. Nyanya kaniangalia, kasema, "Hata babangu alidungwa."

Mwaka wa arobaini na tatu. Hapa hapa Changamwe. Nami hata sijakaa chini bado.

Huyo babake, Kenga, alikuwa kuli bandarini. Vita vimepamba moto, miezi hapati usingizi, moyo wamwenda mbio. Mpishi mmoja wa meli, Mchina, akaja kumtibu nyumbani.

Basi Kenga amelala chali, kifua wazi, sindano mpaka kwenye paji la uso. Ameambiwa asitikisike.

Mama mkwe akaingia.

MAMA MKWE, Mahfoudha. Kwetu mama mkwe akikukuta kifua wazi, mmoja wenu hukimbia. Kenga hawezi. Akafumba macho, akajifanya maiti.

Mama mkwe naye hakukimbia. Akauliza, "Hiyo dawa ya nini?"

Mchina, kwa Kiswahili chake cha bandarini: "Dawa ya mawazo, mama."

Mama mkwe akavuta kigoda, akaketi, akanyoosha mkono.

"Ukimaliza huyu, nidunge na mimi. Yangu yote kaniletea yeye."