Nilikata kitabu ya waqf, mutoto akafukuzwa

Mwana-Buja, musomaji wangu wa gazeti huku Bujumbura, weka chai chini kwanza. Barua ya leo nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimukasirikia mutu mumoja, mara ya pili mwingine, mara ya tatu nikajikuta natembea mu nyumba peke yangu nasema na ukuta. Majina yote nimegeuza. Soma, nakungoja kule chini.

*

Mpendwa Dada Raihana,

Naomba musaada, na naomba unijibu mbio sababu Jumamosi iko karibu na hasira imeninyima hata kula. Mi nafundisha mwaka wa ine ku shule moja ya watu binafsi huku Mutakura, diplome sina, sikuwaficha, walinichukua sababu mwalimu wao alihama katikati ya mwaka na mi nilikuwa nafundisha watoto wa majirani bure ku baraza, kila kitu najua nimejifunza mwenyewe, na siku niliingia mu ile klasi nilikuta watoto makumi ine na mbili wanaimba masomo kama kasuku, verbi wanazijua kwa wimbo, "mimi ninakula, wewe unakula", lakini ukiwapa mustari moja hawajawahi kuona wanautazama kama ukuta.

Sasa mu biro, ofisi ya direkteri wetu, bwana Moubarak, muko kabati ya vioo imejaa vitabu za watoto, mupya, nzuri mpaka unasikia harufu ya wino ukipita, zililetwa na Mzee Sultani mwenye duka ya vitambaa kule Rohero, alizitoa waqf kwa jina la binti yake Basma aliyekufa na miaka kumi, kila kitabu ina muhuri wa waqf na jina la mutoto mpaka mu kurasa za ndani. Ile kabati ina kufuli. Inafunguliwa wageni wakija, inafungwa wageni wakienda. Nilimuomba direkteri mara ine anipe kitabu moja tu, ile hadithi ndefu ya msichana anayesafiri na bata mwenye jicho moja kumutafuta shangazi yake, nikamueleza kwamba kwa hiyo moja nitafundisha kusoma, grameri na kuandika mpaka mwisho wa mwaka, akanijibu mbele ya sekreteri, "Mwalimu, vitabu za marehemu hazichezewi. Watoto wako wana mikono ya maandazi." Sekreteri akacheka. Mikono ya maandazi, Dada. Watoto wa wazazi wanaolipa mushahara wake.

Basi siku sekreteri alifungua kabati apanguse vumbi, akaitwa ku mulango, nikaichukua. Kitabu moja, watoto makumi ine na mbili, utafanya nini? Nikakumbuka khitma ya nyanya yangu, vile tulipewa juzuu juzuu, kila mutu anasoma yake na kabla chai haijapoa Msahafu muzima umesomwa. Kitabu ya bata ina sura makumi mbili na moja. Nikashika wembe nikaikata, kila sura nikaishona na uzi, nikaivalisha karatasi ya mufuko wa sima ya kujengea, watoto wawili sura moja. Ganda la kitabu nikalijaza makaratasi ya mitihani ya zamani, nikalirudisha mu kabati, na watoto nikawaambia, hii ni siri yetu.

Ungeona ile klasi. Wawili wanasimama wanasoma sura yao, wengine wanaandika maneno magumu ku kaye, madaftari yao, verbi wanazipigia mustari na penseli ya krayo, kisha kila mumoja anaandika anafikiri bata atafanya nini kesho, na kesho yake tunaona nani amepatia. Sisi huku tunasema "bata yangu", kitabu inasema "bata wangu", walicheka siku mbili, siku ya tatu nikasikia mumoja anamukosoa mwenzake ku mulango wa choo, "Sema bata wangu, utamukasirisha." Walinuniana wiki nzima sababu ya kama bata atachinjwa. Na Sijaona, binti wa Yahaya fundi magari, mutoto aliyekaa miaka tatu anachora jina lake bila kujua kulisoma, huyo nilimupa sura ya saba, na siku yake alisoma kurasa mbili bila kusimama, hata wale watundu wa nyuma waliinama mbele wamusikie.

Kisha Mzee Sultani akatuma habari anakuja Jumamosi, miaka tano tangu Basma afe, anataka kuona vitabu. Direkteri akafungua kabati azipange, akashika ile ganda, mitihani ya mwaka juzi ikamuangukia ku viatu. Akaja mbio mu klasi yangu kupekua mifuko, ya kwanza ikawa ya Sijaona, akatoa sura ya saba na muhuri juu yake. "Nani amekupa?" Mutoto akanitazama mi. "Umekata kitabu ya marehemu. We ni mwizi wa maiti." Akamutoa inje, akasema asirudi mpaka baba yake alete kurasa zingine, kurasa ambazo siku ile zilikuwa mu mifuko ya wenzake. Hakupekua hata mufuko wa pili, ndiyo akili yake hiyo. Mi nilikuwa ku tablo, pale ubaoni, na chaki mukononi. Sikusema kitu, sababu ningesema ningefukuzwa na kitabu haijaisha, tuko sura ya kumi na tano. Sijaona ana siku tisa nyumbani, nasikia baba yake amesema shule imeisha.

Lakini huyu direkteri, Dada, anajiita mwalimu wa waalimu, anapangusa vitabu kama sahani za harusi, hajafungua hata moja, muulize bata ana macho mangapi hajui, na Jumamosi atakaa pale na kofia yake mupya akipokea asante. Naona moto. Nataka unisaidie: nimuandikie Mzee Sultani barua bila jina nimueleze ukweli wa ile kabati, ao niipeleke habari ku redio watu wote wasikie? Nataka huyu mwanaume aone haya.

Ni mi, Mwalimu wa Bata, Mutakura

*

Mwalimu wa Bata, mudogo wangu,

Nianze na haki yako, sababu unayo. Direkteri wako amekosa. Kwa wasiojua, waqf ni mali mutu ameitoa kwa Mungu ili watu waitumie, haiuzwi, haifanywi ya mutu. Basma hapati thawabu sababu ya vumbi kupanguswa. Anapata mutoto akisoma. Ile waqf ilikatwa siku direkteri aliifungia kufuli, na we ukaja na wembe wako ukaikata mara ya pili. Kufundisha umefundisha, hiyo sikunyimi. Mi nilijifunza kusoma ku makaratasi ya kufungia sambusa, nilipata mwanzo wa habari bila mwisho, mwisho bila mwanzo, kwa hiyo kitabu ya vipande hainitishi. Na hiyo njia ya khitma, wallahi, ningekuwa klasi yako ningegombania sura ya kwanza.

Sasa keti, zamu yako.

Barua yako ina kurasa tatu. Direkteri na bata umewapa mbili na nusu. Siku tisa za Sijaona umezipa mustari moja, tena karibu ya mwisho, tena "nasikia". Unasikia? Kwa Yahaya ni mbali? Mutoto amesimama mbele ya wenzake akaitwa mwizi wa maiti, akakuangalia, akanyamaza. Unajua kwa nini alinyamaza. Ulimuambia ni siri yenu, na yeye alikuwa na adabu kuliko we. Wenzake makumi ine na moja pia walifunga mudomo, mifuko yao imejaa makosa yako. We uliyewafundisha kufungua mudomo na kusoma, ulikuwa na chaki mukononi, ukameza mate.

Unasema ulinyamaza sababu kitabu haijaisha. Apana. Ulinyamaza sababu uliogopa. Kuogopa naelewa, mutu bila diplome anaogopa kila asubuhi. Lakini usiniletee bata kama kisingizio.

Barua bila jina usiandike. Hiyo ni kunyamaza tena, safari hii na kalamu ya biki. Redio pia, weka kando. Leo, na leo ni leo, alasiri ikisha piga hodi kwa Yahaya. Usiende na zawadi, usiende na hadithi ya direkteri. Umuambie mbele ya mutoto na mbele ya mama yake: "Ni mi niliikata, na nilinyamaza." Akikutukana, pokea. Fundi magari ana maneno yake, utayasikia yote, na hakuna hata moja itakuwa kubwa kuliko ile mutoto wake alipewa.

Kesho asubuhi simama pale pale ku tablo, umuite direkteri mu klasi, useme mbele ya watoto wale wale. Usiseme mu biro, mulango umefungwa. Sijaona alichafuliwa mbele ya watu, asafishwe mbele ya watu, na direkteri amuombe samahani kwa jina lake. Akikataa kumurudisha, hapo ndiyo utaniandikia tena, na hapo hata redio nitakupeleka mi mwenyewe, tutaenda miguu.

Kisha nenda kwa Mzee Sultani kabla ya Jumamosi, ku duka yake, mutu na mutu. Beba vipande vyote makumi mbili na moja, umevipanga kwa mustari, na ganda lake; ganda na sura ya saba umuombe direkteri. Umuombe msamaha ju ya wembe kwanza. Kuko wazee ku misikiti wanaoshona Misahafu iliyochoka, umuambie utaipeleka kwa mumoja wao ishonwe, akitaka. Na kama atataka ibaki vipande, ni yeye aseme, waqf iko kwa jina la mutoto wake. Kaye za watoto zibebe pia, zile wameandika bata atafanya nini. Usiseme kitu, muachie asome. Lakini Sijaona usimubebe akusomee mbele ya mzee ili moyo wake ulainike. Mutoto amekuwa ngao yako mara moja, inatosha.

Utafukuzwa? Inawezekana sana. Ukifukuzwa, baraza ya nyumba yenu ingali pale, na sura sita zimebaki.

Na bwana Moubarak, najua gazeti hii unaisoma, jina nimegeuza lakini kabati ni yako: toa kufuli kabla Jumamosi haijafika.

Sasa we, Mwana-Buja, usijifanye haikuhusu. Sisi wote tuna mutu alituangalia siku moja akingoja tuseme neno. Ungekuwa we pale ku tablo, chaki mukononi, direkteri anapiga kelele, mutoto wa watu anakutazama hasemi kitu, na kazi ndiyo hiyo moja uliyonayo, ungefanya nini?