Kengele ya Saa Tisa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, Wilaya ya Karagwe
Shauri: Wizi wa kengele ya Shule ya Msingi Omuruhita
Jina: Apolinary Rwegoshora
Umri: Miaka 71 (shahidi anasema iandikwe 73)
Kabila: Mnyambo. Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima, mlinzi na mpiga kengele wa shule
Makazi: Kijiji cha Omuruhita, Kata ya Nyaishozi
Tarehe: 24/8/1991, Jumamosi, saa 4:05 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa wala kukamatwa. Nimetembea kutoka kijijini bila fimbo. Nimekuja kwa sababu ya Mwalimu Auleria, ambaye mmemweka ndani tangu jana. Yeye hakuiba kengele. Aliyeichukua namjua na nitamtaja, ila nitaanza mwanzo, kwa sababu mtu anayeanzia katikati huonekana mwongo.

Kengele hiyo ni rimu ya lori la jeshi. Mwaka 1979 vita ilipokwisha, lori liliachwa bovu kwenye kona chini ya shule. Wanaume watatu walijaribu kuipandisha ile rimu wakashindwa. Mimi niliivingirisha peke yangu mlima mzima, nikaifunga kwa mnyororo kwenye mkaratusi. Anayebisha amuulize jirani yangu Sebahire, alikuwa mmoja wa hao watatu.

Tangu siku hiyo naipiga mimi kwa kipande cha nondo. Kengele ya kwanza ni ya saa kumi na moja alfajiri, ya kuwaamsha darasa la saba waje kwenye masomo ya alfajiri na kuwahi namba za waliofika mapema. Anayechelewa namba hula fimbo. Miaka kumi na miwili sijakosa kuipiga, hata kwa malaria, ila siku moja nitakayoieleza. Saa ya mkono sina na sikuihitaji. Nikiamka, ndiyo saa kumi na moja. Kijiji kizima kinajua hivyo.

Mnamo tarehe 17/8/1991, Jumamosi, saa 4 asubuhi, palikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Mwalimu Auleria, ambaye ndiye mwalimu wa darasa la saba, alisimama akasema watoto wake wanalala juu ya madaftari mpaka wino unawachora mashavuni. Alisema, "Mtoto wa miaka kumi na nne anakua. Mwili wake unadai usingizi kuliko wetu, na jioni usingizi wenyewe huchelewa kumjia. Sisi tunamtoa kitandani usingizi ukiwa ndio umekolea. Naomba kengele ya kwanza iwe saa kumi na mbili na nusu."

Mimi nilisimama nikasema, "Usingizi haujawahi kumlimia mtu shamba." Watu walicheka, wakiwa upande wangu.

Yeye hakucheka. Alisema, "Shikamoo, babu. Jana ulipiga saa tisa na dakika kumi. Niliangalia saa yangu."

Nikamjibu, "Marahaba. Saa yako imeambukizwa na mwenyewe, nayo inapenda kulala."

Sebahire akapaza sauti kutoka nyuma, "Mzee, saa hizo huamshi wanafunzi, unawapokea wachawi wanaporudi makwao!" Wakacheka tena, sasa wakiwa upande ule mwingine. Hilo lilinikera.

Mwalimu Mkuu, Bwana Rweyemamu, akafunga mjadala. Alisema, "Mwaka jana walifaulu wawili tu. Mwaka huu mnataka tupeleke mablanketi sekondari?" Kengele ikabaki palepale. Mwalimu Auleria alikaa chini akasema, "Basi iko siku itanyamaza." Hayo ndiyo maneno mliyomfungia.

Mnamo tarehe 20/8/1991, Jumanne, nilipiga kengele kama kawaida, na mjukuu wangu Kemirembe akaenda shule. Ana miaka kumi na minne, yuko darasa la saba. Ni mtoto wa marehemu mwanangu na tunaishi wawili. Alirudi saa 8 mchana akateleka maharage. Mimi nilikuwa shambani nakata ndizi. Kama saa 9 hivi nilisikia ukelele. Nilikuta amesinzia kwenye kigoda mbele ya mafiga, akaangukia chungu. Maji ya maharage yalimmwagikia mguu wa kulia kuanzia gotini kushuka.

Tulimpakia kwenye baiskeli ya Sebahire kwenda zahanati. Sebahire alisukuma, mimi nilimshika mtoto mgongoni. Alikuwa analia, na katikati ya kulia akasinzia. Akashtuka akasema, "Babu, kengele imeshalia?" Akataka kushuka kwenye baiskeli. Nikamwambia bado. Tulipofika darajani akauliza tena. Nikamwambia, "Bado, lala." Neno hilo sijawahi kumwambia mtoto yeyote.

Usiku ule nilikaa zahanati. Nilisinzia kidogo nikaamka, nikamwambia muuguzi Placida, "Niangalizie mtoto, ni saa kumi na moja, nakwenda kupiga kengele." Akasema, "Mzee, hii ni saa nane na robo." Nikamwambia saa ya serikali imekufa. Hakubishana nami, alinipa kiti nikae barazani ningoje kupambazuke.

Nilikaa. Nikasimama. Nikazunguka jengo nikihesabu madirisha, yako tisa. Nikarudi nikakaa. Jogoo akawika, nikasema ndiyo hiyo. Giza likabaki vilevile. Nikamwuliza muuguzi, akasema saa tisa. Nikazunguka tena, madirisha tisa. Jogoo wa pili akawika, na wa tatu, na miguu yangu haikutaka kutulia, wala hapakupambazuka. Sijawahi kuona usiku mrefu kama ule tangu nizaliwe. Na saa hiyo, siku nyingine zote, darasa la saba walikuwa wameshafika shuleni, wamekaa na vibatari.

Hapo ndipo nilipojua. Uzee umenipunguzia usingizi kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na mimi nikadhani ni usiku unaofupika.

Asubuhi hiyo ya tarehe 21 kengele aliipiga Mwalimu Mkuu mwenyewe. Aliipiga vibaya, nimeambiwa, na aliipiga saa kumi, saa nzima kabla ya wakati. Nikaona kwamba hata nikiacha kazi, mwingine ataishika nondo.

(Hapa nimemsimamisha shahidi na kumwonya kwamba halazimiki kusema neno la kujitia hatiani. Amesema, "Wewe andika, mwanangu.")

Siku hiyohiyo, saa 12 jioni, nilimwacha Kemirembe na muuguzi nikaenda shuleni. Nilifungua mnyororo nikaishusha rimu. Niliivingirisha mwenyewe hadi kwangu. Safari hii ulikuwa mteremko, kwa hiyo sijisifii. Nikaizika kwenye shimo langu la kuivishia ndizi za pombe ya rubisi, nyuma ya nyumba, nikafunika kwa majani ya migomba na udongo. Ipo huko mpaka sasa.

Tarehe 22 watoto wa darasa la saba walikuja jua limeshatoka. Niliwahesabu mlangoni, walikuwa arobaini na mmoja, na hakuna aliyepiga miayo ila Mwalimu Mkuu. Aliniuliza, "Wewe mlinzi, kengele iko wapi?" Nikamwambia, "Mimi ni mlinzi, siyo mganga." Hapo nilisema uongo.

Tarehe 23, saa 5 asubuhi, askari wawili walikuja kumchukua Mwalimu Auleria. Nilikuwa nafyeka uwanja. Alipita karibu yangu akiwa katikati yao, akasema, "Shikamoo, babu. Kemirembe anaendeleaje na mguu?" Nikasema marahaba. Nikaendelea kufyeka mahali palepale palipokwisha kufyekwa.

Nilinyamaza kwa sababu ningesema nimeichukua, wangeniuliza kwa nini, na ningelazimika kusema mbele ya Sebahire kwamba saa siijui. Jana usiku sikulala hata kidogo. Kila nilipogeuka nilimsikia yule mtoto anauliza kama imeshalia.

Sasa nasema. Saa siijui. Andika hivyo, usipambe. Kengele niliichukua mimi Apolinary Rwegoshora, hakuna aliyenituma wala aliyenisaidia. Kama kuna kulala ndani, nitalala mimi, nimelala vitani kwenye mvua. Mkiirudisha shuleni, ipigwe kwa saa ya Mwalimu Auleria.

Niliyosema ni yangu, yametoka kinywani mwangu bila kutishwa, na nikisimamishwa mahakamani nitayasema tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Sahihi (kwa mkono wake mwenyewe): Apolinari Rwegoshora

MAELEZO YA ASKARI: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye amekubali ni sahihi, isipokuwa umri. Amekataa kuweka dole gumba, akasema alifundishwa kuandika jina lake kwenye elimu ya watu wazima. Imemchukua dakika tisa. Tumemaliza saa 5:50 asubuhi. Askari aliyetumwa kwa baiskeli kijijini amethibitisha kuwa rimu imeonekana shimoni. Jalada limepelekwa kwa mkuu wa kituo kwa maelekezo juu ya shahidi. Mwalimu Auleria ameachiwa saa 9:20 alasiri. Alipotoka alimkuta shahidi amelala usingizi mzito kwenye benchi la mapokezi. Nilitaka kumwamsha. Mwalimu ameomba aachwe, akakaa kando yake kumsubiri.