Pipa la Petroli Chumbani kwa Mwali

Bi Mashavu, shikamoo mama yangu. Mwanao nakuandikia mbio, kalamu inanitoroka mkononi kwa furaha na kwa hasira vyote pamoja, na nakuomba uniokoe upesi maana jambo lenyewe ni la Alhamisi ijayo, na jina langu tafadhali lifiche, huku kwetu gazeti lako linasomwa hata likishafungiwa chumvi.

Mimi ni mke wa mtu, nina miaka ishirini na sita, naishi Maparoni, na kama hujafika delta tangu mambo yawe ruksa basi hujui kulivyochangamka, wanunuzi wa kamba wanakuja na masanduku ya barafu wanagombania mzigo pale pale unaposhushwa, watu waliopiga kasia tangu utoto sasa wanafunga mashine nyuma ya mitumbwi yao, na mashine haili wali, inakunywa petroli, na petroli ilikuwa mpaka Ikwiriri. Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu Abdulaziz tulete pipa zima tuuze hapa hapa. Akanicheka. Nikamsumbua mpaka akalileta, likashushwa na wanaume sita wakiimba, na toka siku ile, Bi Mashavu, siitwi tena mke wa Abdulaziz, naitwa Mama Petroli, wanaume wazima wenye ndevu wanasimama mlangoni kwa adabu, "Mama Petroli, tusaidie dumu moja," nami natia mpira mdomoni navuta mara moja tu, fyuu, inashuka, hakuna anayevuta kama mimi, na kwa wale wa haraka nina chupa za soda nimezipanga mstari, nimezijaza mpaka shingoni na kuziziba kwa gunzi la mahindi. Nilisema moyoni, kumbe na mimi ni mtu.

Sasa pipa nililiweka chumba cha ndani kisicho na dirisha, kwa sababu ya wezi, na chumba hicho hicho ndimo alimoingizwa wifi yangu Rukaiya kukaa mwali, maana anaolewa Jumapili ya wiki ijayo na nyumba yetu haina pengine pa kumficha, basi tukatundika pazia, mwali huku, pipa kule. Rukaiya nampenda kama tumetoka tumbo moja, nguo zake za harusi nimezishona mimi, na kila nikizikunjua nataka kupiga vigelegele peke yangu.

Siku ya kwanza tu, jua lilipopanda juu ya bati, pipa likagonga. Dum! Mama mkwe wangu, Bi Sijaona, akatoka jikoni na upawa mkononi. Magharibi likagonga tena. Akaniambia, "Mwanamina, pipa lako lina mwenyewe." Nikasema, mama, ni joto tu hilo. "Joto gani linalobisha hodi?" Nami nikacheka, tena mbele ya wageni, akanuna. Abdulaziz akasema pipa limebanwa na hewa, lilegeze kizibo lipumue, nikashika spana nikalegeza, likapumua kweli, tssss, na toka hapo halikugonga tena, nikajisifu nyumba nzima. Lakini kesho yake Rukaiya akaanza kuumwa kichwa, akatapika, mara anacheka peke yake mara analia, anasema chumba kinamzunguka, akitolewa uani kuoga anapata nafuu, akirudishwa ndani anaanza upya. Mama mkwe akashika kiuno, "Nilisema mie! Katoka pipani kaingia kwa mwali!" Na juzi ndiyo ikawa balaa, nilikuwa napima ikanimwagikia kidogo, kibatari kiko ukumbini, kama hatua tano kutoka mlangoni, ghafla ukatoka ulimi wa moto wa buluu ukateleza sakafuni kunifuata mpaka kizingitini, ukazima wenyewe. Mama mkwe kauona kwa macho yake.

Basi ameitwa fundi Mfaume, mganga wa majini, kutoka ng'ambo ya mto. Amesema Alhamisi baada ya alasiri tutafanya fukizo kubwa mle mle chumbani, vyetezo saba vya makaa na ubani vilizunguke pipa, mwali aketi kando yake amefunikwa kaniki, mlango ufungwe, na kizibo kifunguliwe kabisa ili kilichobaki ndani kitoke. Nikikataa, mama mkwe anasema nitakuwa nimemuua bintiye kwa ajili ya biashara, na pipa litarudi Ikwiriri. Mimi naelekea kukubali, maana ni moshi tu wa ubani, na moshi haujapata kumuua mtu, wakisharidhika wataniachia pipa langu. Lakini nafsi inaniuma kukiri kwamba nimeleta jini kwenye nyumba ya watu. Nifanyeje nisionekane mbishi wala nisionekane mjinga?

Mwanao,
Mwanamina, Maparoni

*

Bi Mashavu anajibu:

Mwanamina wa Maparoni, mke wa Abdulaziz, mkwe wa Bi Sijaona! Nimekutaja, tena nimetaja na nyumba. Miaka yote nawafichia watu majina, leo nimekataa, kwa sababu gazeti hili likikukosa wewe nataka limpate jirani yako, naye aje mbio aingie bila hodi. Mtoe Rukaiya chumbani. Sasa hivi, hata kama mwali hajatimiza siku zake ndani, hata kama ataonwa na kijiji kizima. Mengine utayasoma akiwa uani anapigwa na upepo.

Barua yako ilinifikia Jumatatu asubuhi. Niliisoma nimesimama, chai ikapoa. Sikuthubutu kungoja gazeti la Jumatano, nilikwenda redioni kuwalilia, wakakubali kunisomea tangazo katikati ya matangazo ya vifo, maana hiyo ndiyo saa ambayo Rufiji nzima inanyamaza: "Mwanamina wa Maparoni, usiruhusu moto wowote kuingia nyumbani mwako." Kama ndugu zako wa vijiji vingine wamekujia wakilia wakidhani umefariki, waombee radhi kwa niaba yangu, wape chai iliyopikwa kwa jirani wa mbali, halafu wakusaidie kulitoa pipa.

Hapa mtaani kwangu yuko Mzee Kibwana, kafanya kazi kwenye ghala la mafuta bandarini mpaka akastaafu, na nyusi moja aliiacha huko huko. Nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye vyetezo saba aliinuka kitini akasema, "Lahaula! Huyo mwana kaandika lini?" Tulihesabu siku pamoja.

Sikiliza alivyonieleza. Petroli yenyewe, yale maji maji unayoyaona, siyo yanayowaka. Kinachowaka ni mvuke wake, nayo inatoa mvuke kila saa, joto likizidi nao unazidi. Huuoni. Ni mzito kuliko hewa, hauendi juu darini, unatambaa chini sakafuni, unapita chini ya mlango, unakwenda mpaka ukutane na moto. Ule ulimi wa buluu haukukufuata wewe, ulifuata mvuke uliokuwa umeshafika kwenye kibatari, ukarudi nao nyumbani. Siku ile ulikuwa mchache ndiyo maana leo una mkono wa kuniandikia.

Pipa lilikuwa linagonga kwa sababu bati linalichemsha, mvuke ndani unatanuka na chuma kinafura, magharibi kinapoa kinarudi. Lilikuwa linakwambia nitoe hapa. Wewe ukaona dawa ni kulegeza kizibo katika chumba kisicho na dirisha! Mvuke wote uliokuwa umefungwa ukaumwaga puani mwa mwali, naye yumo humo mchana kutwa, hana pa kwenda. Kichwa, kutapika, kucheka ovyo, nafuu akitoka nje, shida akirudi: Rukaiya hana jini, mwanangu, amelewa petroli. Na nyinyi mnataka kumtibu kwa makaa. Mlango umefungwa, kizibo kimefunguliwa, vyetezo saba! Hata adui yenu mkubwa angeketi chini kupanga namna ya kuimaliza nyumba hiyo, hangepata mpango mzuri kuliko huo. Moshi haujapata kumuua mtu, umeniandikia. Na moshi unatoka wapi, Mama Petroli?

Haya, nimeshapumua. Biashara yako naipenda, nimeisoma nikitabasamu, na sitakwambia uifunge. Nakwambia uifanye kama mtu mwenye akili.

Leo, ukiwa mchana, zimeni kila moto wa nyumba hiyo na wa jirani wa karibu, jiko, kibatari, sigara, hata kibiriti cha mfukoni mtu akiache nje. Fungueni milango yote, chumba kipigwe na upepo kwanza, watu wakae mbali. Kisha kaza kizibo taratibu, bila kukigonga. Ndipo wanaume walibebe pipa, walibebe, wasiliburure, chuma kikikwaruza jiwe kinatoa cheche. Walipeleke hatua hamsini kutoka kila nyumba na kila jiko, upande ambao upepo wake hauji kwenu. Lijengee banda la nguzo za mikoko, paa la bati lililoinuliwa juu, makuti hapana, na kuta hapana kabisa, ili mvuke ukitoka uondoke zake. Wezi unawaogopa? Lifunge pipa kwa mnyororo. Mnyororo hauhitaji chumba cha mwali.

Kizibo kikae kimekazwa, kilegezwe asubuhi tu pipa likiwa limepoa, kidogo kidogo, wakati wa kupima. Na mpira wako huo wa kujisifia, utupe! Siku petroli itakapokosea njia ikaingia mapafuni hutaitwa Mama Petroli, utaitwa marehemu. Mtu akiimeza asitapishwe, akimbizwe zahanati. Abdulaziz anunue pampu ya mkono, ipo Dar, inafungwa kwenye tundu la pipa na kuzungushwa. Madumu yawe ya mafuta, yenye kifuniko cha kukaza, mteja alishushe dumu lake chini ardhini ndipo umjazie, usimjazie likiwa ndani ya mtumbwi, na usijaze pomoni, acha vidole vinne vitupu juu maana jua la delta litaitanua. Chupa za soda zimwage zote zirudi pipani leo hii, na ulifanye hilo kule bandani. Gunzi linapitisha mvuke, na iko siku mtu mwenye kiu atainua chupa moja akidhani ni soda kweli. Weka ndoo mbili za mchanga karibu. Maji hapana, petroli huelea juu yake ikiendelea kuwaka na kusambaa. Na kwa kuwa kuna harusi na nawajua wapishi wa harusi, asije mtu na patasi kukata pipa tupu apikie pilau. Tupu lina mvuke mtupu, linaua kuliko lililojaa.

Rukaiya ahamishiwe nyumba ya jirani. Kichwa kikiendelea kumzunguka mpaka kesho, apelekwe zahanati, mwali au si mwali.

Sasa swali lako la kweli, la mkweo. Unataka usionekane mjinga. Umechelewa, mwanangu, tumeshakuona sote, na wala si aibu, kilichokupata kingempata yeyote aliyelitamani pipa kuliko alivyolijua. Lakini hebu msikilize tena mama huyo. Alisema pipa lina kitu ndani, nalo lina kitu. Alisema kimetoka pipani kimemwingia mwali, na ndivyo kilivyofanya. Alikosea jina lake tu. Yeye bila kusoma alihisi hatari siku ya kwanza, wewe ukamcheka mbele ya wageni. Kwa hiyo usiende kumpungia gazeti hili usoni useme "Bi Mashavu kasema." Lifiche. Nenda ukapige magoti umwambie, "Mama, wewe uliona, mimi sikuona. Nisaidie tulitoe." Nakuhakikishia, akishaelezwa kwamba adui wa kitu hicho ni moto, hutapata mlinzi kama yeye. Ole wake mvuta sigara atakayelisogelea banda lako na Bi Sijaona yuko hai na upawa wake.

Fundi Mfaume msimfukuze. Aje Alhamisi, asome dua kule alikohamia mwali, ale ashibe aende zake, dua haihitaji makaa. Udi wa harusi uchomwe huko huko, mwingi mpendavyo, nguo ulizozishona zinukie mpaka ng'ambo. Na Jumapili, Rukaiya atakapotoka mzima, akicheka kwa sababu anaolewa tu na si kwa sababu nyingine yoyote, wewe ndiye uanze vigelegele. Vipige kwa nguvu zote hizo ulizokuwa ukivutia mpira.