Mwanafunzi Aliyejikata: Kikao cha Dharura cha Kamati ya Bweni, Karatu

TAREHE: Jumamosi, 14 Juni 2003
MAHALI: Bwalo la bweni la wasichana

WALIOHUDHURIA
Bw. Noel Lyimo – Mwenyekiti, muuza vipuri
Bi. Leonida – Matroni
Bw. Senteu – Mjumbe, mzazi kutoka Loliondo
Bi. Veronika – Muuguzi (mwalikwa)
Bi. Eliapenda – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Bw. Yohani wa Endamarariek (amefiwa)

KUMB. NA. 1/2003: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:10 mchana. Alitaka kiwe kifupi kwa kuwa ameacha wateja dukani.

KUMB. NA. 2/2003: TAARIFA YA MATRONI
Matroni alieleza kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu amekuwa akijikata mkono, na sasa jeraha moja limevimba na linatoa usaha. Aliulizwa ameanza kuona lini. Alijibu kwamba makovu aliyaona tangu Machi, akadhani ni chale za Kimasai, na hakutaka kuingilia mila za watu.

Bw. Senteu alisema, "Mama Leonida, alama za kwetu hatuzifichi ndani ya sweta. Si ungeniuliza tu?" Matroni alijibu kwamba kwao Marangu mambo haya hayapo.

KUMB. NA. 3/2003: HATIMA YA MWANAFUNZI
Mwenyekiti alishauri afukuzwe kabla wenzake hawajaiga, kwani anatafuta kuonewa huruma tu. Bw. Senteu aliuliza, "Umpandishe basi la Loliondo na mkono ule? Atafika mzima?"

Muuguzi alieleza kwamba hata jeraha dogo huweza kuingiza vijidudu na maambukizi yakaenea mwilini, au likaleta pepopunda. Likiwa na kina, vidole huweza kupoteza nguvu, na damu ikatoka isizuilike. Asiyekusudia kufa anaweza kufa. Alikuwa amemuuliza mtoto waziwazi kama anataka kufa, na kuuliza hivyo hakumpi mtu wazo hilo. Mtoto alijibu, "Hapana. Nataka tu kichwa kinyamaze." Muuguzi alionya kwamba fimbo na matusi vitamfundisha kuficha zaidi. Sababu za mtoto hazikuandikwa humu, ni zake.

Iliazimiwa kwamba apelekwe hospitali leo, asafishwe kidonda na apewe sindano ya pepopunda, asifukuzwe, aonane na mtaalamu wa afya ya akili, na mtu mzima wa kuzungumza naye amchague mwenyewe. Amemtaja Mwl. Anitha. Bw. Senteu atamfuata mama wa mwanafunzi. Mwenyekiti aliomba upinzani wake uandikwe. Umeandikwa.

KUMB. NA. 4/2003: MENGINEYO
Mwenyekiti aliuliza mzazi atajuaje, mathalani kwa mtoto anayelala nyumbani. Muuguzi alitaja mikono mirefu hata kwenye joto, kujifungia chumbani, na majeraha yenye maelezo yasiyoeleweka. Mwenyekiti kisha aliuliza, "Sasa mtu anaanza na neno gani?"

Muuguzi alijibu, "Mwambie umeona, na kwamba huna hasira. Halafu msikilize."

KUMB. NA. 5/2003: KUFUNGA
Kikao kilimalizika saa 9:40 alasiri. Mwenyekiti alijitolea gari lake kumpeleka mwanafunzi hospitali pamoja na Muuguzi. Lilipitia kwanza nyumbani kwake, kumchukua binti yake, naye aonwe.

Eliapenda, KATIBU
N. Lyimo, MWENYEKITI (alisaini Jumatatu)