Pingamizi la Kitindamimba

4 Machi, 2911

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu akili yako ihamishiwe Hifadhi na mwili wako kupumzishwa, sijui tena nikuulize afya ya kiungo gani. Basi naiulizia nafsi yako yote. Sisi huku tu wazima, ila mkweo anakohoa kidogo.

Nimepata habari kwamba akili unde inayoongoza chombo kiendacho nyota ya mbali inatafuta mkunga. Nilihofia wasije wakakuchukua, nawe hujapata kukataa kazi. Kwa hiyo nimewasilisha pingamizi mbele ya Baraza la Hifadhi, kwa haki apewayo mtoto kisheria, nalo limekubaliwa bila kurekebishwa hata nukta. Majirani wamenipongeza. Hakuna atakayekuhamisha.

Mwanao mtiifu,
Kitindamimba

19 Machi, 2911

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo hauniumi, kwa kuwa sina. Mwambie mkwe wangu anywe maji ya moto.

Karani wa Baraza amenisomea pingamizi lako. Limeandikwa likaandikika, nikajisifu kwamba huyu nimemzaa mimi. Ila hakuna aliyekuja kunichukua. Niliomba mwenyewe.

Ndani ya chombo kile wamelazwa watu usingizi mrefu, nao watazaa huko wafikapo. Nahodha, ndivyo tunavyoiita ile akili unde, anajua kila mshipa wa binadamu, ila hajui kutukanwa. Juzi nilijifanya mzazi mwenye uchungu, nikamtukana yeye na waliomuunda. Akaanza kunieleza chanzo cha maumivu! Nikamwambia, "Mzazi akikutukana, itika 'abee', umpanguse jasho. Elimu utampa kesho." Tukarudia mpaka akaitika vizuri.

Nimezalisha nusu ya mtaa wetu. Humu ninatunzwa kama sahani ya wageni. Chombo kinaondoka mwezi wa saba, na bila wewe kuliondoa pingamizi, kitaniacha. Hukuniuliza, baba.

Mama yako

30 Juni, 2911

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa kimya changu. Kikohozi cha mkweo kimekwisha.

Nilianza majibu mengi nikayachana, kwa kuwa yote yalikusudia kukushinda kwa hoja. Hatimaye mkweo akaniuliza kama ninakutetea wewe au ninalitetea pingamizi langu. Nikaweka kalamu chini.

Leo nimesimama mbele ya Baraza bila karatasi. Nimeliondoa pingamizi. Nikaeleza kwamba watoto watakaozaliwa mbali kiasi hicho wanastahili kupokelewa na mtu anayeijua kazi, na kwamba katika Hifadhi nzima mtu huyo ni mama yangu. Nilisema kwa sauti ya kufika benchi la nyuma, na nilijivuna waziwazi.

Karani akauliza iwapo ninafahamu kwamba hutarudi, na kwamba barua zako huenda zisinikute hai. Nikajibu kwamba ninafahamu. Ndipo akainama kuandika kuwa mtoto amemruhusu mama yake. Nikamzuia.

"Mtoto hamruhusu mama yake," nikamwambia. "Andika kwamba nimempisha njia."

Mwanao,
Kitindamimba wako